Maji ya Zamani Usiyamwage Yote

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu, tarehe imenitoka zamani. Harufu ya sabuni. Leo sabuni ni kitu cha kuchezea, mnaoshea hata magari, lakini miaka ile ya askari hapa Kampala kipande cha sabuni tulikifungia kabatini pamoja na dhahabu ya harusi. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Kwa hiyo nilipokuwa napanda ngazi za jengo letu pale Bukoto, Idi ikiwa imekaribia, nikakutana na harufu ya sabuni ikishuka kunilaki, kwanza nilifurahi. Nikajiambia, leo kwetu kuna neema. Moyo wa binadamu nao una ujinga wake.

Kaa vizuri, nikusimulie. Umekuja kuniomba samaki wa kuanza kufuga, na kabla chai haijapoa umeshanieleza jinsi wifi yako alivyoiosha tabaga yako ya harusi, kile kifuniko cha chakula tunachosuka sisi Wanubi, mpaka rangi zote zikachujuka na kuchanganyikana. Unasema humwongeleshi tena. Unasema hata salamu humpi. Sawa. Mimi ni mzee, sina haraka. Samaki nitakupa, lakini kwanza utanisikiliza, maana samaki na wifi yako wamo katika hadithi moja.

Mume wangu Kasimu alikuwa dereva wa lori. Baba yake alikuwa askari, babu yake askari, na yule babu wa zamani zaidi ndiye aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudan akiwa na bunduki begani. Kasimu akasema yeye anapenda usukani. Watu wa ukoo wakamtazama kama mtu aliyekataa chakula cha nyumbani kwao. Tulikaa vyumba viwili na jiko, watu wanne. Mimi Mariamu, mke mpya mwenye ulimi wa pilipili. Ulimi huu hata leo haujapoa, waulize majirani. Kasimu mwenyewe. Mdogo wake Hawa, msichana mwembamba aliyependa kuimba akipiga deki. Na bibi yao, tuliyemwita Haboba, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinubi. Mama yao alikufa mapema, Haboba ndiye aliyewalea wote wawili. Mimi aliniita "mke mwenzangu," ule utani wa bibi na mke wa mjukuu, akidai Kasimu alimwoa yeye kwanza na mimi nimekuja kupunguza ngawira.

Chini yetu alikaa fundi saa mmoja Mhindi, mpole, tukimwita Bwana Ratilali. Amri ilipotoka kwamba Wahindi waondoke nchini, watu waliwahi maduka na magari. Yeye alipanda ngazi mpaka kwetu amekumbatia sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, maji yakimmwagikia shati lote. Ndani mlikuwa na vijisamaki vidogo, virefu kama kiungo cha kidole.

"Kasimu, hii duka mimi naacha," alisema. "Hii nyumba naacha. Lakini hii samaki nani taangalia?"

Kasimu akasema yeye ataangalia. Wenyewe wanaitwa gapi. Mzee wa watu akakaa kwenye kochi letu, akatufundisha kama mtu anayeacha mtoto kwa jirani. Usiweke sanduku kwenye jua kali, maji yatageuka kijani. Maji ya bomba usimimine moja kwa moja, yana dawa; yaache kwenye debe wazi yalale mpaka dawa iondoke. Chakula ni chembe ndogo tu, dagaa waliosagwa, kwa sababu samaki hawafi kwa njaa upesi, wanakufa kwa shibe, chakula kikibaki chini kinaoza. Na jambo alilolirudia mpaka mlangoni, akiwa ameshaaga, ni hili: "Maji ya zamani usimwage yote. Toa kidogo, tia kidogo. Maji mpya peke yake hapana lea mtu."

Hatukumwona tena. Lakini samaki wake walikaa.

Mwanangu, nyumba yetu ilibadilika. Jioni, Kasimu akitoka kazini, hakuwasha redio, maana redio siku zile ilikuwa na mambo ya kukukosesha usingizi. Alivuta kigoda akakaa mbele ya kioo. Madume ya gapi yamejipamba mikia kama bwana harusi, rangi ya machungwa, buluu, madoa meusi. Majike yamevaa kijivu kama nguo ya kuchotea maji. Kasimu alinifundisha kumtambua jike mwenye mimba. Tumbo linajaa mpaka linakuwa na pembe, na karibu na mkia doa jeusi linakolea. Samaki huyu hatagi mayai, anazaa watoto kamili wenye macho, na mwenye kuzaa akigeuka akiwaona anawala. Ndiyo, anawala! Mimi nilipoona mara ya kwanza nilimtukana yule samaki kama ninavyomtukana mtu. Kwa hiyo jike akikaribia tunamhamishia kwenye chupa kubwa ya kioo, tunamtilia magugu ya majini yenye mizizi mingi, watoto wakitoka wanajificha kwenye mizizi, kisha mama tunamrudisha sandukuni. Watoto wanakula kiini cha yai la kuchemsha, kilichopondwa mpaka kiwe vumbi.

Jirani yetu Nalongo, mama wa mapacha, alikuwa anakuja kutazama na kucheka. "Banange, hii nkejje, hii samaki kidogo, mnakula lini? Mimi naleta karanga." Na Haboba, aliyesema mwanzoni kwamba maji ndani ya nyumba huita majini, ndiye aliyesuka tabaga mpya ya rangi nyekundu na zambarau kulifunikia sanduku, ili paka wa Nalongo asitie mkono. Ukiona sanduku la samaki lenye tabaga juu, ujue uko nyumbani kwa Mnubi.

Halafu Kasimu akaenda kazini siku moja asubuhi asirudi.

Sitaki kukaa sana hapo. Mwenzake mmoja alikuja kutunong'oneza kwamba lori lilisimamishwa njiani, Kasimu akateremshwa, akaingizwa kwenye gari jingine. Basi. Tulibisha kila lango tuliloweza kubisha. Mahali pengine walituambia hawamjui, mahali pengine walituambia tusirudi tena. Watu walidhani Wanubi wote tulikuwa tunakula meza moja na wakubwa. Wangetuona tulivyokuwa tunasimama langoni na kanga zetu, tukisubiri mtu atutazame.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa na jina la kujiita. Mke ni mwenye mume. Mjane ana eda yake, anakaa ndani, watu wanakuja, wanasoma khitma, wanalia, wanapika. Sisi hatukuwa na maiti, hatukuwa na habari, hatukuweka matanga. Nikabaki nalisha samaki. Nilijiwekea akilini, bila kumwambia mtu, kwamba maadamu samaki wa Kasimu wako hai, Kasimu yuko hai. Usinicheke. Mfa maji hukamata maji, ndivyo wasemavyo wahenga, na mimi nilikamata hayo hayo ya sandukuni.

Nililinda lile sanduku kama jicho. Hawa akikaribia namwambia, "Polepole." Nalongo akicheka namkata jicho. Sikutaka mtu mwingine alishe, wala mtu mwingine atoe maji. Sasa ukiniuliza kwa nini Hawa hakuijua ile habari ya maji ya zamani, ndiyo sababu: sikumpa nafasi ya kujifunza.

Sasa turudi kwenye zile ngazi na ile harufu.

Nilikuwa nimekwenda Kasubi kwa mama yangu kuomba unga na samli ya Idi. Nikafungua mlango. Nyumba inang'aa. Sakafu inang'aa, madirisha yanang'aa. Unajua desturi yetu, Idi haingii nyumba yenye vumbi, Mnubi anasugua mpaka nyuma ya kabati mahali ambapo hata malaika hatazami. Na Hawa amesimama katikati ya chumba, ngozi ya mikono imejikunja kwa maji, anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu kaka yake atoweke.

"Wifi, tazama," akasema.

Nikatazama. Sanduku la kioo lilikuwa safi kama maduka ya mjini zamani, kabla hayajaporwa. Alikuwa ametoa kila kitu. Mchanga kausugua, magugu kayatupa, kioo kakipaka povu ndani na nje, kisha akajaza maji ya bomba yaliyotoka wakati huo huo, akawarudisha samaki. Nao walikuwa juu ya maji, wamelala ubavu, mikia ya bwana harusi imefunguka. Wachache walikuwa bado wanapiga mdomo. Nikatia mkono, wakatulia mkononi mwangu.

Mwanangu, hapo ndipo niliposema neno. Hasira hasara, hilo tunalijua tukiwa tumetulia. Nilimgeukia Hawa nikamwambia, kwa sauti iliyosikika mpaka chini:

"Umemuua kaka yako!"

Tabasamu lilimtoka usoni. Akasema, polepole sana, "Nilitaka akirudi Idi akute linang'aa." Nami badala ya kunyamaza nikaongeza mengine, kwamba ana mkosi, kwamba atoke mbele ya macho yangu. Akatoka. Hakuvaa viatu. Nilisikia nyayo zake zikishuka ngazi, na nikaona nimeshinda.

Haboba alikuwa mlangoni mwa chumba chake, amesimama kwa fimbo. Nikangoja aniambie pole. Hakuniita mke mwenzangu. Aliniita kwa jina langu, na hapo nilijua nimeharibu.

"Mariamu. Ile sabuni unajua imetoka wapi?"

Nikasema sijui.

"Alisimama kwenye foleni siku nzima, kwenye jua, amefunga. Ilikuwa ya kufulia nguo yake ya Idi. Wewe huoni nguo yake iko pale haijafuliwa? Sabuni yote amemalizia kwa samaki ya bwana yako."

Nikageuka nikaitazama ile nguo.

"Wewe umepoteza mume," akasema. "Mume, Mungu akipenda, anapatikana mwingine. Yeye amepoteza ndugu wa tumbo moja. Huyo atapatia wapi? Na mimi nimepoteza mtoto niliyemlea kwa maziwa ya mbuzi. Nani alikupa mizani, ukapima, ukaona huzuni yako ndiyo nzito katika nyumba hii?"

Nilitaka kujibu kitu kuhusu samaki. Haboba akagonga fimbo chini.

"Samaki wacha! Jua linazama. Msichana yuko nje miguu chini, na barabara ina watu wenye bunduki. Nilikuwa na wajukuu wawili, sasa nina mmoja. Nenda uniletee. Usiporudi naye, usirudi."

Maneno hayo nimezeeka nayo. Sikuwahi kupigwa na mzee, lakini nilishuka zile ngazi kama mtu aliyechapwa. Nalongo alikuwa nje anaanua nguo, akanyoosha kidole upande wa Mulago bila kuuliza kitu, maana alisikia yote. Nikashuka mteremko mbio. Siku zile baada ya magharibi mtu mwenye akili alikuwa ndani na mlango amefunga. Vibanda vilikuwa vinafungwa, watu wanatembea upesi hawatazamani. Nilikuwa naomba, nikikimbia: Ya Rabi, nilisema neno baya, lisiwe kweli mara mbili.

Nilimkuta bondeni, pale mfereji unapopita kwenye kinamasi chini ya kilima cha hospitali. Amesimama ndani ya maji mpaka magotini, amevua mtandio wake mpya, ule aliouweka kwa ajili ya swala ya Idi, anautumia kama wavu. Kando yake kuna kopo la rangi alilolitoa kwenye takataka. Anachota, anatazama, anamwaga, anachota tena. Alikuwa anatafuta samaki wa kunilipa. Ndani ya kopo kulikuwa na magugu na viluwiluwi vya chura.

"Hawa," nikamwita.

Hakugeuka. "Wifi, nitapata. Hapa mimi naona wako. Wadogo wadogo. Ngoja kidogo, nitapata."

Niliingia majini na viatu vyangu. Nilimkumbatia kwa nyuma, naye akaendelea kuchota na mtandio hivyo hivyo, kisha mikono ikaacha, akalia. Nami nikalia. Tulimlilia Kasimu pale kwenye matope, kwa mara ya kwanza pamoja, miezi yote ile kila mmoja alikuwa akilia kwenye mto wake. Nilimwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Kaka yako hujamuua wewe. Nilisema upumbavu." Akasema, "Najua, wifi." Lakini najua hakuwa anajua. Neno likishatoka, mwanangu, hata ukilifuata mbio halirudi lote.

Tukapanda kurudi, mimi nimemvalisha viatu vyangu vilivyojaa maji, yeye amekumbatia kopo. Na pale barabarani, askari wawili walikuwa wameweka gogo. Mmoja akatumulika usoni.

"Nyinyi natoka wapi saa hii? Hii kopo iko na nini? Fungua!"

Hawa akainamisha kopo. Askari akamulika, akachungulia, akasogeza pua.

"Nyasi?"

"Nyasi ya samaki, afande," Hawa akasema.

"Samaki ya kula?"

"Hapana, afande. Ya kuangalia."

Yule askari akamtazama mwenzake. "Umesikia? Samaki ya kuangalia! Watu ya Kampala nashiba sana." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Kisha akazima tochi, akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, "Pita haraka, dada. Mbele usisimame." Mpaka leo namwombea yule mtu, sijui alikuwa mtoto wa nani.

Haboba alikuwa ameketi palepale mlangoni nilipomwacha. Alimshika Hawa uso, akampapasa mikono, akamtazama miguu, kama mtu anayenunua mbuzi sokoni. Aliporidhika ndipo akanyanyuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na chupa kubwa ya kioo aliyoifunika kwa kitambaa.

Ndani yake, peke yake, alikuwa jike mmoja wa gapi. Tumbo limejaa mpaka lina pembe.

Nilikuwa nimemsahau! Nilimhamishia mle mwenyewe kabla ya kwenda Kasubi, nikaiweka chupa dirishani kwa Haboba kwa kuwa chumba chake kilikuwa na utulivu. Hasira ilinifutia akili yote.

"Haboba," nikasema, "ulijua yupo? Tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungebaki hapa kushughulikia samaki," akasema. "Kwanza mtu. Halafu samaki."

Yale magugu ya kinamasi tuliyaosha, tukayaweka kwenye chupa. Sanduku tukalisuuza kila siku mpaka harufu ya sabuni ikaisha, tukalaza maji kwenye debe kama alivyofundisha Bwana Ratilali, na mimi nikamwambia Hawa kila kitu: jua, dawa ya bomba, chakula, doa jeusi. Safari hii nilimpa kijiko alishe yeye. Jike akazaa usiku wa kuamkia Idi, watoto wamejificha kwenye mizizi, macho meusi tupu. Tukamtoa mama ili tumrudishe sandukuni, na kabla hatujamwingiza, Hawa alimimina humo kikombe cha maji ya ile chupa, maji ya zamani, yale ya mwisho yaliyobaki kutoka mikononi mwa Kasimu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawa samaki hawakai katika maji tu, wanakaa katika maisha yasiyoonekana yaliyomo ndani ya maji, na maisha hayo hayaundwi kwa siku moja. Nalongo akaleta yai. Yai, siku zile! Akasema ni la nkejje, sisi tusithubutu kulionja.

Sasa sikia ajabu. Dume hatukuwa na hata mmoja, watoto walikuwa bado vumbi. Mwezi ukapita na kitu, nikaona tumbo la yule jike linajaa tena. Akazaa tena. Nalongo alishika kiuno.

"Banange! Huyu mukazi anazalia nani? Yeye iko na bwana ya siri!"

Tulicheka mpaka Haboba akakaa chini. Lakini ndivyo Mungu alivyomuumba gapi, mwanangu. Dume akishampa mbegu, jike anaweka akiba ndani yake, na hata dume akiondoka anazaa, na tena anazaa. Haboba alitazama kioo, akasema, "Akiba haiozi. Bwana yake ameondoka, lakini alimwachia."

Mimi nikaacha kucheka. Kwa sababu mimi Kasimu hakuniachia mtoto, na jambo hilo nilikuwa nalala nalo kila usiku. Haboba aliliona. Alikuwa mwanamke wa kuona. Akanigusa goti kwa fimbo yake, akanirudishia lile jina la utani.

"Na wewe, mke mwenzangu, alikuachia. Usiangalie tumboni. Alikuachia Hawa."

Kasimu hakurudi. Nakuambia wazi ili usikae unangoja. Idi ile hakurudi, wala iliyofuata. Serikali ile ikaondoka, zikaja nyingine, na siku tulipolazimika kuhama Bukoto kwa haraka, watu wanabeba magodoro na masufuria, Hawa alikaa juu ya lori na chupa ya samaki mapajani, ameifunika kwa tabaga. Haboba kabla hajafa alituambia tumsomee Kasimu khitma. Tukasoma. Na madume waliokua kutokana na wale watoto walitoka na mikia ileile ya machungwa na buluu, mpaka nikahisi Kasimu yuko kwenye kigoda anatazama.

Hawa aliolewa akazaa, na mtoto wake wa kwanza akanipa nimlee kama wangu, ndiye baba yako. Umeniita bibi maisha yako yote, hukuwahi kuuliza kwa nini una bibi wawili katika nyumba moja. Sasa unajua. Na huyo unayemsikia chumba cha pili, anayeuliza kila mara kama tumeshakunywa chai, macho yake hayaoni tena mikia ya samaki. Kila jioni ananiuliza, "Wifi, leo wana rangi gani?" nami ninamwambia. Jioni ile ningebaki nimesimama na haki yangu mkononi, na haki nilikuwa nayo kweli, leo ningekuwa na nani wa kumwambia rangi?

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Aliyekuharibia kwa kukupenda usimweke kapu moja na aliyekuharibia kwa chuki. Tazama kwanza amepoteza sabuni gani. Ukipatwa na msiba, usijifanye mwenye msiba peke yako, wenzako nao wanalia kwenye mto. Kitu unachokipenda wafundishe wengine kukitunza, usikifungie, kwa maana usichowafundisha watakuja kukiua kwa mapenzi. Na mkikosana ndani ya nyumba, maji yakichafuka, toa kidogo, tia kidogo. Usimwage yote. Nyumba ni watu waliozoeana, na mazoea hayajazwi kwa siku moja kutoka bomba.

Rangi za tabaga zimechujuka, nimekusikia. Tutasuka nyingine, mimi na wewe na wifi yako, bado vidole vyangu vinaweza.

Samaki nakupa. Nitakupa jike mmoja tu, huyu mwenye doa jeusi, kwenye chupa ya maji ya hapa hapa. Dume usiniulize, ameshaacha akiba. Lakini chupa sikupi wewe mkononi. Chupa inataka mtu wa kuishika njia nzima isimwagike, na wewe una mkoba. Nenda kamlete wifi yako, nimwone, nimkabidhi yeye aibebe mpaka nyumbani kwenu.

Mola akujalie nyumba ambayo ndani yake mtu anaweza kukosea na bado akapata mahali pa kulala. Akupe watoto wengi na mizizi ya kuwaficha. Akuzeeshe na mtu wa kukuuliza jioni rangi za samaki. Haya, inuka, uende kabla jua halijazama.